Aliyeitika kwa Jina la Fletcha

Katika zama za misafara ya pembe, wakati Unyamwezi haijaona reli wala bendera ya mgeni, na kila kijiji chenye akili kimejizungushia boma la magogo, palikuwa na pagazi wa Isenga aitwaye Kashindye. Hakuwa mtu wa kutajwa kwenye ngoma. Alikuwa na sugu mbili mabegani, ngumu kama magoti ya mbuzi mzee, na alikuwa amekwenda pwani na kurudi mara saba. Safari ile ya saba ndiyo iliyomletea Mzungu.

Mzungu mwenyewe aliitwa Tomasi Fletcha. Hakuja kuhubiri wala kutafuta chemchemi ya mto wowote. Alikuwa fundi bunduki, mfupi, mwenye ndevu za rangi ya kutu, aliyeshuka merikebuni Unguja akasema hapandi tena. Alishika njia ya bara na kasha moja la vyuma: tupa, nyundo, koleo, bisibisi na kamani za akiba, vile vyuma vya kunepa vinavyofyatua mtambo wa bunduki. Kasha hilo alilibeba Kashindye, na kila jioni aliapa kuwa ndani mna mawe.

Walipofika Ugogo, mwenye nchi akawazuia. Alisema mtu asiye na ndugu ni sawa na mzigo uliookotwa, na mzigo uliookotwa ni wa mwenye nchi. Wapagazi wakatazamana. Kashindye hakuelewa kwa nini ni yeye aliyesimama. Labda kwa sababu alikwisha kulibeba lile kasha miezi miwili, hakutaka kuona linakwenda kwa mtu mwingine.

"Ndugu yake mimi," akasema.

Wakachanjiana siku hiyo hiyo. Mganga akawakata chale kifuani, akachovya ini la mbuzi katika damu ya huyu na ya yule, wakala. Kisha akawasomea masharti, na huku nyuma msaidizi wake akinoa kisu juu ya kisu.

"Akiitwa mmoja wenu naye hawezi kuitika, mwenziwe na aitike. Akiwa yu hai, umeliazima jina lake, utamrudishia. Akiwa amekufa, umelirithi, na mrithi huliacha lake la kwanza likazikwa. Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu, na Fletcha akauliza kwa Kiswahili chake cha melini ni lini wataruhusiwa kunywa maji, maana ini lilikuwa bichi.

Miaka miwili wakakaa Unyanyembe wakitengeneza bunduki za Waarabu na za Wanyamwezi. Kashindye alianza kwa kuvuta mivukuto, akaishia kuchonga kamani kwa mkono wake. Siku moja, tupa mkononi, akamwuliza mwenzake jina lile Fletcha lina maana gani.

"Fundi mishale," akasema Fletcha.

"Wewe? Hata upinde huwezi kuushika."

"Sikiliza basi. Zamani kwetu mtu alikuwa na jina moja tu. Kijiji kimoja kina akina Yohana watano. Makarani wa mfalme wanakuja kuandika watu wa vita, wakiita Yohana wanatoka watano, au wote wanajificha hatoki hata mmoja. Wakachoka. Wakaandika Yohana wa Kilimani, Yohana Mwekundu, Yohana Fundi Mishale. Huyo wa mwisho alikuwa anafunga manyoya ya bata bukini kwenye mikia ya mishale, kwa gundi na uzi wa hariri. Na neno lenyewe la kumwita fundi mishale halikuwa la kwetu. Lililetwa na watu waliovuka bahari wakatupiga."

"Mkashindwa?"

"Tukashindwa vibaya. Tukabaki na maneno yao." Fletcha akapuliza vumbi la chuma. "Basi mfalme akamchukua Yohana kwenda kuzingira mji ng'ambo. Hakurudi. Lakini karani alikwisha kuandika, na mtoto wake aliyebaki nyumbani akaitwa hivyo hivyo."

"Naye alijua kufunga manyoya?"

"Alichunga kondoo."

"Fundi Mishale anachunga kondoo!" Kashindye akacheka mpaka tupa ikamponyoka. "Na mjukuu?"

"Mwoka mikate. Na kijukuu akaanza kazi ya bunduki, ndipo tulipo. Sasa tumejaa. Ukirusha jiwe sokoni kwetu litampiga Fletcha, na yule atakayemwuguza ni Fletcha. Mimi nikipotea huku hakuna atakayejua amepungua nani."

Kashindye akaacha kucheka. Kwao Isenga mtu mmoja akikosekana, moto wa jikoni wenyewe hujua.

Kiangazi cha mwaka wa tatu, Mtemi Kabula wa Lubisu alimwita Fletcha amtengenezee bunduki zake sitini. Mtemi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye bangili ya pembe iliyofunika mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, na sauti ndogo ambayo watu waliinama ili kuisikia. Lubisu ni mwendo wa siku mbili kutoka Isenga. Kashindye akapita kwake kumuaga mkewe, Nyamizi, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano.

"Hii ndiyo ya mwisho," akamwambia.

"Uliniambia hivyo ya sita," alisema Nyamizi, akipepeta mtama bila kuinua macho. "Na ya saba."

"Lubisu si pwani. Mwezi huu haufi kabla sijarudi."

Alikuwa ameanza kumchongea kigoda cha kukalia atakaponyonyesha. Miguu miwili ilikwisha, wa tatu ulikuwa bado gogo. Akakisimamisha ukutani. "Mtu asiuguse huu wa tatu. Nitaumaliza mwenyewe."

"Nani ataugusa? Hapa kuna mtu mwingine wa kuchonga mambo nusu nusu?"

Akaondoka anacheka.

Bunduki arubaini zilikuwa zimekwisha tengenezwa Kilunga alipotokea. Kilunga alikuwa jemadari wa rugaruga, watu wa vita wasio na shamba, waliovaa joho jekundu na manyoya ya mbuni kichwani, wakitembea na ngoma zao kutoka boma hata boma. Walikuwa mia nane. Walipiga kambi kando ya kijito, ambamo ndimo watu wa Lubisu walimokuwa wakichota maji, na mjumbe wao akasimama nje ya lango.

"Jemadari hataki ng'ombe zenu wala wake zenu," alitangaza. "Anataka Fletcha, fundi wa bunduki. Mpeni, atahama. Msipompa, ataingia kumchukua, na akiingia hatachagua."

Mtemi Kabula akajibu kuwa mgeni wake hatolewi. Hivyo ndivyo alivyojibu siku ya kwanza, na watu wakapiga vigelegele.

Siku ya kumi hapakuwa na vigelegele. Watu walichimba ndani ya boma wakapata tope, wakalikamua kwa kaniki. Ng'ombe waliramba magogo ya ukuta. Rugaruga hawakushambulia hata mara moja. Walikaa tu mtoni wakioga, wakirushiana maji ili waonekane. Na Fletcha akashikwa na homa.

Kashindye alikuwa hana la kufanya. Dawa ya Kizungu ilikuwa imebaki unga wa kuta za chupa. Akaisuuza chupa kwa tone la maji akamnywesha, na homa haikujua kama imepewa kitu. Alimpepea kwa kipande cha ngozi. Akichoka mkono huu alihamishia mwingine. Mwenzake aliweweseka kwa lugha ya kwao, Kashindye hakuambulia ila jina la Yohana.

Siku ya kumi na tatu Mtemi Kabula alikuja mwenyewe. "Mhamishieni nyumbani kwangu," akasema. "Mganga wangu atamwangalia. Mtu mwingine asiingie, dawa hii haitaki macho mengi."

"Mtemi, mimi ni ndugu yake."

"Najua, mwanangu. Kaa mlangoni."

Akakaa mlangoni. Siku mbili alikaa akisikiliza. Ndani, mara kwa mara, mtu alikohoa, kikohozi kikavu cha vipande vitatu. Kikisikika, Kashindye alipumua. Kikichelewa, alikwaruza mlango kwa kucha, nacho kikaja.

Siku ya kumi na tano, jua likiwa utosini, wazee watatu walikuja pamoja na Mtemi. Kitoto kilikuwa kimekufa kwa kiu asubuhi ile, na mama yake alikuwa bado amekifunga mgongoni. Alipita mbele yao, na hakuna aliyeweza kumwambia akifungue.

"Kashindye," alisema Mtemi, kwa sauti yake ile ndogo. "Kilunga hajapata kumwona Fletcha. Anataka jina na mkono wenye kazi. Kazi unaijua. Na jina, kwa damu mliyokula, una haki ya kuliazima."

Kashindye alilijua hilo tangu siku ya tano. Alikuwa ameogopa tu mtu mwingine asiliwaze.

"Nikitoka nitarudi lini?"

"Ndugu yako akipona atamfuata Kilunga na kujitaja mwenyewe. Jina litarudi kwake, nawe utakwenda kwenu. Mke wako hajajifungua bado, sivyo?"

"Bado miezi mitatu." Akatazama mlango. "Nimwone kwanza."

"Amelala. Homa imemwachia leo, ukimwamsha itarudi."

Kikohozi kikasikika kutoka ndani, vipande vitatu.

Kashindye akaweka paji lake kwenye mlango. "Ndugu yangu," akasema, "naenda kuitika badala yako. Fanya haraka upone. Nyamizi ananingoja."

Kikohozi kikamjibu.

Wakamvika koti la Fletcha, la buluu, lenye vifungo vya shaba, na kofia pana ya Kizungu iliyomfunika masikio. Akajitwisha kasha lile lile. Lango likafunguliwa upana wa mtu mmoja, likafungwa nyuma yake.

Kilunga alikuwa ameketi juu ya ngozi ya chui, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, sikio moja limekatwa. Alimtazama mgeni kutoka kofia hadi vidole vya miguu.

"Niliambiwa Fletcha ni Mzungu," akasema. "Huyu ni mweusi kuliko chungu cha mama yangu. Au jua la Lubisu limemwivisha?"

Rugaruga wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Mwosheni, labda rangi imo chini!"

"Tulichanjiana," alisema Kashindye. "Yeye hawezi kuitika, naitika mimi. Jina ni lile lile na kazi ni ile ile."

Kilunga hakucheka tena, maana jambo la damu halichezewi hata na rugaruga. Akarusha bunduki ya gumegume mbele yake. "Hili haliwaki tangu masika."

Kashindye akafungua kasha. Aliikuta kamani imevunjika, akachagua nyingine, akaisugua kwa tupa, akaipachika, akaijaribu kwa kidole mara tatu. Kazi ilikuwa imeishika mikono yake. Bunduki ikapigwa, ndege wakaruka mtoni.

Kilunga akasimama. Kama ilivyo ada, akaita kwa sauti kuu, ili boma zima lisikie, "Fletcha!"

"Naam."

"Fletcha!"

"Naam."

"Fletcha!"

"Naam," akaitika Kashindye mara ya tatu, na jambo likawa limekwisha.

Alasiri ile ile rugaruga walifunga mizigo. Walikuwa wanavuka kijito, maji ya magotini, Kashindye akiyanywa kwa kofia, kilio kilipopanda kutoka Lubisu. Hakikuwa kilio cha mama mmoja. Kilikuwa cha wanawake wote, na nyuma yake ngoma kubwa, pigo moja moja. Kashindye akasimama katikati ya maji.

Mtemi Kabula alitoka langoni kwa miguu, bila mlinzi, akaja mpaka ukingoni. Mkononi alishika wembe.

"Amekufa," akasema.

"Sasa hivi?"

"Jana, jogoo wa kwanza."

Maji yalipita katikati ya miguu ya Kashindye. "Nilimsikia akikohoa."

"Ulimsikia Mganga."

"Nilisema naye! Alinijibu!"

"Alikujibu Mganga. Ndivyo tunavyoficha kifo cha mtemi mpaka nchi itulie, nami nimemfichia mgeni wangu vivyo hivyo." Uso wake haukubadilika, ila wembe ulikuwa umemkata kiganja naye hajui. "Ningekuambia, ungetoka?"

Jibu Kashindye alilijua, naye Mtemi alilijua.

"Nina watu mia nne mle ndani," alisema Mtemi. "Nipige ukitaka. Sitapiga kelele."

Hakumpiga. Mkono wa kumpigia angeutoa wapi, na ungemrudishia nini? Alisogea ukingoni akainama tu, kwa kuwa mrithi lazima anyolewe, na Mtemi akamnyoa pale pale, nywele za Kashindye zikachukuliwa na mto.

"Isenga nitapeleka mtu leo," akasema Mtemi, akifuta wembe. "Nitawaambia Kashindye amekufa kwa heshima. Wataniuliza kaburi, nami nitawaonyesha la ndugu yako."

Kashindye akamgeukia Kilunga. Akapiga magoti majini. "Jemadari, nipe siku nne. Nifike Isenga nirudi. Nimwambie mtu mmoja neno moja."

"Nani huyo anayekwenda Isenga?" akauliza Kilunga, bila ukali. Alionekana hata kumhurumia. "Fletcha hana mtu Isenga. Ukienda na kichwa hicho kilichonyolewa, ukasimama kwenye matanga ya Kashindye, watakuona pepo, watakupiga mawe, nami nitapoteza fundi. Twende."

Wakaenda. Kutoka kilimani njia ya Isenga ilionekana kushoto, nyembamba, nyekundu, na msafara ukakata kulia.

Miaka kumi na mmoja alifuatana nao. Ngoma zilipigwa Ukonongo, Ukimbu, hata mpakani mwa Ufipa, na popote zilipopigwa alikuwapo nyuma, kwenye mizigo, mtu wa koti la buluu akichonga kamani. Bunduki alizozifufua asubuhi zilivunja maboma mchana. Mwanzo alijaribu kuzitengeneza vibaya. Ya kwanza ikampasukia mikononi kijana aliyezoea kumletea uji. Baada ya hapo alizitengeneza vizuri. Watu walimwita Fletcha kwa upole, kwa hasira, kwa mizaha, naye aliitika, na ilifika siku akagundua kuwa anaitika kabla hajafikiri.

Mwaka wa kumi na moja ndui iliingia kambini. Ikamchukua Kilunga na nusu ya watu wake, nusu nyingine wakatawanyika kama kuku. Hapakubaki mtu wa kumwita. Fletcha akajitwisha kasha, akashika njia ya Isenga.

Alifika kabla ya saa sita, wakati wa mavuno. Ua ulikuwa ule ule, ila mbele ya nyumba palikuwa na kibanda kidogo cha majani, urefu wa goti, cha kutambikia marehemu. Chunguni mwake mlikuwa na unga mweupe, mbichi, wa asubuhi ile. Akajua ni chake.

Nyamizi alikuwa uani akipepeta mtama. Alikuwa amenenepa. Fimbo ya mwanamume ilikuwa imeegemea mlangoni, na aliitambua: ya Shija, mdogo wake. Ada ya kurithi mjane ilikuwa imefuatwa. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa.

Kabla hajabisha hodi, Nyamizi akapaaza sauti, "Kashindye!"

Akafungua kinywa. Miaka yote ile ilikuwa imemfundisha jina jingine, lakini kinywa kilifunguka chenyewe.

"Abee, mama!" akaitika binti mmoja kutoka nyuma ya nyumba, akaja mbio, miguu myembamba, mtungi kichwani, umri wake miaka kumi na ushee. Jina la marehemu lilikuwa limekwisha pata mwenyewe.

Akafunga kinywa.

"Hodi," akasema.

Nyamizi akageuka. Akamtazama mgeni, koti lililochakaa, kifungo kimoja cha shaba kilichobaki, kasha. Akatazama kwa muda mrefu mabega yake, pale sugu zilipochungulia kwenye koti lililochanika. Ungo ulisita mikononi, kisha ukaendelea.

"Karibu, mgeni. Unaitwa nani?"

Mtoto alikuwa amesimama pale, anasikiliza. Shija angerudi shambani wakati wowote. Nyuma yake kibanda kile na unga wake.

"Fletcha," akajibu.

Nyamizi akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akakawia. Alipotoka alikuwa amebeba kigoda, cheusi kwa moshi, ambacho ni wazi kilikuwa hakikaliwi na mtu. Miguu miwili ilikuwa imechongwa vizuri. Wa tatu ulikuwa bado gogo.

"Kaa, Fletcha," akasema. "Utalala, au unapita?"

Akakaa. Kigoda kiliyumba upande wa gogo, akakanyaga chini kwa nguvu ili kisimwangushe.

"Napita," akasema.

"Kunywa maji basi."

Akanywa. Mtoto akauliza kasha lina nini, akamwambia mawe. Mtoto akacheka, mama yake hakucheka. Alipoinuka kwenda, Nyamizi alichukua maji yaliyobaki katika kata, akaenda kibandani, akayamimina chunguni taratibu, mgongo wake umemwelekea, naye hakugeuka mpaka nyayo ziliposikika mbali.

Fletcha alijenga Ukonongo, akaoa huko, akazaa wana, nao wakaitwa akina Fletcha, wahunzi wa majembe kwanza, kisha wakulima wa tumbaku, ambao hakuna hata mmoja aliyejua kuchonga kamani. Kaburi la Lubisu lilidumu. Kila mwaka watu wa Isenga walitembea siku mbili kulifikia, wakafyeka majani, wakamwaga pombe, wakamwita babu yao Kashindye awaletee mvua. Chini yake alilala mtu mfupi mwenye ndevu za kutu, wa ukoo wa mfunga manyoya ambaye naye hakurudi kwao. Na mvua, mwaka mwingine ilinyesha, mwaka mwingine haikunyesha.